Vitumbua vya Mninga

Watu wengi wakisikia mtu anakereza mbao nyumbani hufikiria bakuli, vinu na miguu ya kitanda cha besera. Majirani zangu hufikiria mafua. Karakana yangu ni stoo ya uani, hapa Tanga, ambayo zamani ilikuwa ya mkaa. Mkaa ulikuwa na adabu, ukiuweka unakaa. Vumbi la mbao halijui kukaa. Mimi nakereza stoo, mama watoto anafuta vumbi juu ya jokofu sebuleni, na katikati yetu ipo milango miwili na pazia.

Asiyewahi kusimama mbele ya mashine ya kukerezea ajue kwamba taka zake ni za aina mbili. Kuna maranda: patasi ikiushika vizuri mwembe mbichi, unatoka utepe mrefu wenye majimaji, unaruka begani na kuteremkia ndani ya kola. Hayo hayana neno, ufagio na beleshi vinatosha. Kisha kuna vumbi la msasa. Bakuli likishapata umbo unaligusisha msasa huku linazunguka, namba 80, halafu 120, 180, 240, na kadiri namba inavyopanda ndivyo vumbi linavyozidi kuwa laini, mpaka mwisho huoni kitu, unasikia harufu tu. Hapo ndipo pua inapoanza kulipa.

Muuza vifaa mmoja mjini aliniuzia mashine ya kufyonza, ile ya pipa na mpira, akiniapia kwamba inavuta hata msumari. Ni kweli, ilivuta msumari. Ikavuta na kitambaa changu cha nta na kifuniko cha gundi. Vumbi nalo ililivuta kwa mbele ikalitoa kwa nyuma, likiwa limechujwa vizuri, laini kuliko lilivyoingia. Chujio lake lilijaa kabla bakuli halijaisha.

Fundi bomba aliyekuja kurekebisha choo alipoona hali yangu akasema dawa yake ni ndoo. Uweke ndoo kati ya mashine na mpira, hewa iingie ubavuni izunguke, maranda mazito yaanguke chini, hewa nyepesi itokee juu iende zake. Kanuni hiyo ni sahihi na karakana kubwa duniani zinaitumia. Ila ndoo yetu ilikuwa ya rangi ya ukuta, lita 20, ya plastiki. Utepe wa mwembe ulipoziba mpira, mlio wa mota ulipanda ukawa mwembamba. Ubavu mmoja wa ndoo ukaingia ndani, polepole, picha ya nyumba iliyochorwa juu yake ikaanza kupinda paa. Ukafuata ubavu wa pili. Halafu ikalia kishindo kilichowaleta watoto wa mtaa mzima uani, nao wakataka irudiwe. Siku hizi pipa langu ni la chuma, nalo mpaka sasa halijanywea.

Tukiwa na pipa la chuma tukaamini mambo yametulia, hadi jioni moja umeme ulipokatika nikiwa stoo. Niliwasha tochi ya simu nitafute mlango, na mwale ukawa umejaa. Chembe zilipanda na kushuka bila haraka yoyote, maelfu kwa maelfu, na mashine ilikuwa imeshazimwa kitambo. Barakoa ilikuwa inaning'inia shingoni. Tangu siku hiyo sikubali karakana yoyote kuitwa safi mpaka imemulikwa tochi gizani, hata ya rafiki yangu. Marafiki wamepungua.

Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Vumbi linalofika mapafuni ni la chini ya mikroni 10, nalo huelea hewani muda mrefu baada ya wewe kwenda kula. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la kwanza, yaani la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Saratani yenyewe hasa ni ya pua. Na miti yetu mizuri ndiyo mikorofi: mvule unajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua, na mpingo ukipigwa msasa siku ya joto, jasho linageuka wino na shingo inawasha mpaka usiku.

Sasa hesabu ambayo muuza vifaa hakunipa. Kibatari unakizima kwa kukipuliza; hakuna aliyewahi kukizima kwa kuvuta pumzi. Ndivyo hewa ilivyo. Mdomoni mwa bomba linalovuta kuna nguvu, lakini sogea mbali kwa kiasi cha kipenyo cha bomba lenyewe tu, kasi imebaki karibu sehemu moja ya kumi. Bomba linalopuliza hufika vipenyo 30 hivi kabla kasi yake haijashuka hapo. Kwa hiyo bomba lililotundikwa darini kwa ustadi, limepakwa na rangi, ni pambo. Mdomo unaovuta sharti ukae shubiri moja kutoka kwenye msasa, uwe mpana, na nyuma yake kuwe na hewa nyingi kuliko nguvu nyingi. Fundi bati alinikatia mdomo wa upana wa sinia, tukaufunga nyuma ya bakuli, tukaacha bomba la inchi 4 tukachukua la inchi 6, ambalo nafasi yake ya ndani ni mara mbili na robo. Mwisho wa bomba tukaweka feni la kutupa hewa nje. Chujio la HEPA, linalonasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, nimeliona bei nikalirudisha mahali pake kwa mikono miwili. Nje ni bure.

Fundi aliyetoboa ukuta, kwa huruma, aliziba tundu kwa wavu wa mbu. Wavu ukaziba kwa unga wa bakuli moja tu. Tulipoutoa, feni likavuta ipasavyo, ila kwa kuwa dirisha la stoo lilikuwa limefungwa, lilivuta kutoka jikoni, na bakuli la mteja likaondoka na harufu ya ng'onda. Hewa inayotoka lazima iwe na mahali pa kuingilia. Dirisha likafunguliwa.

Tundu lenyewe lilikuwa ukuta wa kaskazini, na ulikuwa msimu wa kusi. Kaskazini anakaa bibi wa vitumbua.

"Hodi hapa!"

"Karibu bibi, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Wateja wananiuliza kama siku hizi natia mdalasini."

Nilikuwa na mninga kwenye mashine, rangi ya kahawia iliyoiva.

"Ukawajibuje, bibi?"

"Nimewaambia ndiyo. Na kesho wanavitaka vivyo hivyo, na mimi mdalasini sina."

Tukahamishia bomba ukuta wa kusini. Kusi ikavurumisha kila kitu kikarudi usoni kwangu, na nikangoja kaskazi. Kaskazi ilipoingia, Desemba, ilikuta kanzu za mzee wa upande wa kusini zimeanikwa kwa ajili ya Ijumaa, nyeupe pe, na mimi ninapiga msasa mpingo. Mzee hakupiga kelele. Aliniletea kanzu moja, akaikunjua juu ya meza yangu na kuuliza, kwa upole unaotisha, kama ninafua pia.

Makubaliano yetu ni haya. Bomba limepandishwa juu ya paa, na hewa inapita kwanza kwenye pipa. Bomba lina viungo viwili: kusi ikivuma nalielekeza upande mmoja, kaskazi upande mwingine. Msasa hauguswi kabla bibi hajauza kitumbua cha mwisho, na Alhamisi hauguswi kabisa. Mpingo nausugua kwa maji, taratibu, kwa mkono. Barakoa inabaki usoni mpaka tochi iseme.

Maranda ya mwembe nayagawa bure kwa wenye mabanda ya kuku. Ya mvule na mpingo sitoi. Njoo na kiroba chako, upitie mlango wa uani, na tafadhali usinunue vitumbua vya jana.