Muulize Shangazi Mashaka: Shanta Mbili, Sufuria Moja

Mwezi huu Shangazi kapokea barua tano. Moja ya mama wa Morogoro, na nne za watu wawili. Hao wawili wanasoma Ujerumani, wamekwenda likizo pamoja kusini mwa Ulaya, wanalala chumba kimoja, na kila mmoja kaniandikia kwa siri akiniomba nisimwambie mwenziwe. Simwambii. Nazichapa tu.

*Shangazi, shikamoo. Niko Palermo, kisiwa cha Sisilia. Mimi na rafiki yangu tulikubaliana tutembee kama vijana wa huku: shanta mgongoni, suruali mbili, basi. Siku ya kuondoka namwona kafunga sufuria ya alumini kwa kamba nje ya shanta, na ndani kilo nne za sembe. Treni ikifunga breki, sufuria inalia na behewa zima linageuka. Napoli, kwenye jiko la hosteli, alisonga ugali saa nne usiku. Watu wakashuka kwenye vitanda vyao vya dabodeka kuja kuangalia nani anapigwa. Mwiko kanipa mimi niubebe, eti tugawane mzigo. Nifanyeje? — Mgongo Hoi*

Marahaba, mwanangu. Ule ugali wa saa nne usiku, ulikula au hukula? Barua yako imenyamaza hapo, na Shangazi si mtoto.

Tuje kwenye unga. Kubeba sembe kwenda Italia ni kubeba mchanga kwenda Coco Beach. Waitaliano, hasa wa kaskazini, wana ugali wao, wanauita polenta, na unga wake umepangwa madukani kama kawaida. Ni wa njano na una chenga. Watu wa rika langu tuliolelewa na unga wa Yanga hatuoni ajabu. Mwenzako ataona, lakini atazoea.

Halafu mko Palermo! Mji ule ni wa kula umesimama. Nendeni soko la Ballarò asubuhi, mfuate harufu ya mafuta. Mtaona panelle, vipande vyembamba vya unga wa dengu vilivyokaangwa na kutiwa ndani ya mkate. Mtu wa bajia atajiona yuko kwao. Mtaona mkate wa bandama na mapafu ya ndama, unaitwa pani ca meusa. Huo hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, basi wenye kuchunga wachunge. Na kuna donge la wali lililotiwa mchuzi wa nyama ndani, likaviringishwa na kukaangwa hadi likawa rangi ya chungwa. Palermo ukiliita arancina umepona. Ukisema arancino, hilo ni jina la Catania, upande wa pili wa kisiwa, na muuzaji atakutazama kama uliyeingia msibani na vuvuzela.

Hukumu yangu: unga uliwe uishe. Sufuria ni yake, aibebe mwenyewe. Mwiko mrudishie leo hii.

*Shangazi, mimi ni mzazi wa mmoja wa watoto wanaotembea Ulaya. Juzi usiku kanipigia simu, kaniambia: Mama, niko kwenye treni, na treni iko ndani ya meli, na ninakula mpira wa wali. Nikamwambia arudie, akarudia vilevile. Wewe umewahi kukaa huko. Ni bangi, au kuna kitu kipya kimetoka? — Mama wa Morogoro*

Mama, ondoa shaka. Kasema kweli tupu, na ninamwonea wivu.

Pale ncha ya Italia inapokaribiana na Sisilia kuna mlango wa bahari. Penye wembamba zaidi ni kama kilomita tatu. Habari za daraja zimesemwa vizazi na vizazi, lakini treni inayotoka Roma ikifika kituo cha Villa San Giovanni bado inakatwa vipande. Mabehewa yanasukumwa, fungu baada ya fungu, kwenye tumbo la meli lenye reli zake. Yakishapangwa sambamba yanafungwa kwa minyororo, meli inaondoka. Kuvuka kwenyewe ni kama nusu saa. Kukata na kuunga ndiko kunakomaliza saa. Ninyi wa Morogoro tangu 2024 mna treni ya umeme inayopita kama upepo. Sasa fikiria mabehewa yale yamepakiwa kwenye pantoni la Kigamboni, na abiria wamelala ndani wanakoroma.

Mimi nilivuka hivyo nikiwa mwanafunzi. Niliamka gizani, treni imesimama, lakini godoro linanesanesa taratibu. Nikadhani ni homa. Jirani yangu wa kitanda cha chini, bibi mmoja wa Messina, akanivuta mguu: panda juu! Tukapanda ngazi za chuma, zina harufu ya dizeli na kahawa, mpaka sitaha. Mbele yetu palikuwa na nguzo ndefu mdomoni mwa bandari ya Messina na sanamu ya Bikira Maria wa dhahabu juu yake, imemulikwa, inaubariki mji. Bibi akajipiga ishara ya msalaba, akaninunulia donge la wali kwenye kibanda cha melini. Ndio huo mpira wa mwanao, Mama. Mwambie anunue miwili, mmoja kwa niaba yangu.

*Shangazi, nisaidie. Rafiki yangu ana daftari. Humo anaandika kila senti: maji, choo cha stesheni, hata mshumaa niliouwasha kanisani. Jana Catania tulikunywa kahawa kwenye uwanja mzuri unaotazama mlima Etna unaofuka moshi. Bili ilipokuja kubwa, akataka nilipe robo tatu kwa sababu mimi ndiye niliyevuta kiti. Urafiki umebaki wapi? — Tumbo Lina Haki*

Mwanangu, nitakuudhi. Kuhusu kiti, kashinda yeye.

Italia kahawa ina bei mbili. Ukiinywa umesimama kaunta, kama wanavyokunywa wenyeji, mafunda matatu na kwaheri, bei ni ndogo. Ukiketi, hasa kwenye uwanja wenye mandhari, unalipia meza, mhudumu na huo mlima. Mikahawani nako kuna kitu kiitwacho coperto, malipo ya kila kichwa kwa kuandaliwa meza na mkate, uule usiule. Si wizi, kimeandikwa kwenye orodha ya bei, chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi.

Ila robo tatu ni uchokozi, na daftari la mshumaa ni ugonjwa. Fanyeni kibubu. Kila Jumatatu kila mmoja anatia kiasi kilekile kwenye mfuko mmoja, na chakula, maji, nauli na viti vyote vitoke humo. Ukiisha kabla ya Jumapili mnakula mkate na nyanya pamoja. Sijaona watu waliogombana juu ya hela ambayo hakuna anayejua ni ya nani.

Na kwa kuwa mwenzako anapenda kuandika, aandike hili: tiketi ya karatasi ya treni ndogo za mikoani lazima uipige muhuri kwenye kimashine kabla ya kupanda. Mimi nilipanda na tiketi mpya kabisa, nimeilipia, nimeishika kifuani kama cheti cha ndoa. Mkaguzi akaigeuza mara mbili, akaona haina muhuri, akanilima faini na kunitakia safari njema. Miaka mingi imepita. Bado sijamsamehe.

*Shangazi, ni mimi tena, Mgongo Hoi. Sasa tuko Malta. Tangu tushuke mwenzangu anajifanya mkalimani. Mzee wa nyumba ya wageni kasema “merħba”, yeye akaitikia “marahaba” kwa sauti nzito kama kaamkiwa shikamoo. Anadai Kimalta ni Kiswahili kilichopotea njia. Sokoni anahesabu kwa Kiswahili na watu wanamjibu! Mwambie aache kunitia aibu. — Mgongo Hoi*

Hapa sitaweza kukusaidia, maana mwenzako karibu ana haki, na Shangazi amefurahi mpaka chai imepoa.

Waarabu waliiteka Malta mwaka 870, na Kimalta cha leo kimetokana na Kiarabu kilichosemwa Sisilia enzi hizo, kisha kikamezeshwa Kiitaliano kingi. Kinaandikwa kwa herufi za Kirumi, na tangu 2004 ni miongoni mwa lugha rasmi za Umoja wa Ulaya. Sisi huku pwani Kiarabu kilitufikia kwa jahazi, kwa njia nyingine kabisa. Kwa hiyo mnakutana na maneno kama mtu anayekutana na mtoto wa baba mkubwa asiyemjua: pua anaitambua, jina halijui. Fedha kwao ni flus. Muulize bibi yako fulusi ni nini. Rafiki ni ħabib. Soko ni suq. Dunia ni dinja. Alhamisi ni il-Ħamis. Kusafiri nje ni safar. Vibao vingi vya mitaa vimeandikwa Triq, njia, na watu wa twarika wataelewa bila kamusi. Wamalta wengi ni Wakatoliki, lakini Mungu wanamwita Alla, na Kwaresima wanaiita Randan, neno lililotoka kwa Ramadhani.

Lakini mwenzako achunge anapohesabu. Sita kwao ni sitta, saba ni sebgħa, tisa ni disgħa. Hapo anapeta. Katikati iko nane, na nane ni yetu sisi Wabantu. Kwao ni tmienja. Kama ni mayai, anunue sita.

Wewe wa daftari nakupa zawadi yako. Mkienda kisiwa cha Gozo, meli ya magari na abiria ya kwenda hailipiwi. Nauli hutozwa wakati wa kurudi. Usikae siku nzima ukitafuta dirisha la tiketi kwa hofu ya kukamatwa. Na usiende kutafuta lile dirisha la mwamba la Gozo linaloonekana kwenye picha za zamani. Lilianguka baharini Machi 2017, likaisha.

*Shangazi, shikamoo. Nakuandikia na machozi, niko Agia Roumeli, pwani ya kusini ya Krete. Leo tumeshuka bonde la Samaria, kilomita 16. Jana nilimuuliza muuza duka kama huku chini kuna mahali pa kupata chakula, akanijibu “ne”. Mimi nina miaka miwili Ujerumani, na huko “nee” ni hapana. Nikanunua mikate sita. Mwenzangu hakusema neno, akatoa daftari. Asubuhi tumeanza kushuka kimya. Katikati kucha zikaanza kuniuma, maana nimevaa raba za kuendea chuoni. Yeye yuko mbele kwenye kona, simwoni, nasikia tu sufuria ikigonga mawe. Sasa tumefika na mikahawa imejaa tele. Yeye kaketi meza ya kule, mimi ya huku. Nimwambie nini? — Tumbo Lina Haki*

Marahaba, na pole. Jibu hili litakukuta kucha zimeshapona au zimeshadondoka, lakini kuna wengine watakaopita hapo.

“Ne” ya Mgiriki ni ndiyo. Hapana ni “ohi”, na mara nyingi haisemwi: anainua nyusi, anarudisha kichwa nyuma kidogo, na ulimi unatoa mlio mdogo. Kwetu huku mtu akikuinulia nyusi hivyo kakubali. Kwa hiyo ungeweza kukosea mara mbili kwa duka moja. Umejitahidi.

Kucha ni kosa la mteremko. Mnaanzia zaidi ya mita 1,200 juu na kuishia usawa wa bahari, na njia nzima vidole vinasukumwa mbele ya kiatu. Watu huogopa kupanda. Goti na kucha huogopa kushuka. Kiatu kiwe kikubwa kidogo, kucha zikatwe siku moja kabla, kamba zikazwe kwenye kifundo. Maji msibebe mengi, chemchemi ziko njiani. Natumaini mlisimama kwenye kijiji cha mawe katikati ya bonde. Wakazi wake walihamishwa mwaka 1962 palipofanywa hifadhi, na nyumba zikabaki. Na pale kuta zinapokaribiana mpaka zinabaki mita chache, panapoitwa Milango ya Chuma, natumaini mlitazama juu, hata kama hamkutazamana.

Umechagua mahali pabaya pa kununiana, mwanangu. Agia Roumeli haina barabara ya gari. Nyuma mna bonde, mbele mna bahari ya Libya, na karibu wote mlioshuka mnaondoka kwa meli jioni. Kwenye meli hiyo mtaketi wapi, kila mtu na mkate wake?

Nilitaka kukuandalia maneno ya kumwambia. Kisha nikairudia barua yako, na ile ya kwanza ya mtu wa mgongo nikaiweka pembeni yake. Sufuria yako ilikuwa ikigonga mawe mbele. Wewe ulikuwa nyuma. Kamwombe daftari, utazame kama hilo kaliandika.