Umehitimu Masoko? Shika Fulana Yako

Kwanza tuondoe uvumi. Si kweli kwamba aliyesomea masoko hapati kazi. Maliza shahada yako leo, Mlimani, Mzumbe au CBE, na kesho saa nne asubuhi unaweza kuwa kazini bila kumjua mtu hata mmoja wizarani. Panda daladala hadi kituo chochote chenye watu, tafuta mwavuli wa rangi kali wenye spika kubwa chini yake, mwambie kiongozi wa kikundi kwamba unataka kujiunga. Utapewa fulana hapohapo. Ukiuliza mshahara atakuambia, "Hayo tutaongea."

Kwa hiyo mwongozo huu hautakufundisha kutafuta kazi. Kazi zipo tele. Utakufundisha kufika nayo mwisho wa mwezi.

Hatua ya kwanza ni nyumbani. Mhasibu akirudi na shahada yake hakuna anayemuuliza kasomea nini. Daktari ndiyo usiseme: hajavua viatu, bibi kashamnyooshea goti. Wewe utasubiriwa mpaka siku ya shughuli, watu wamezunguka sinia la pilau, ndipo baba mkubwa aseme kwa upole, "Eti mwanangu, si wahenga walisema kizuri chajiuza? Sasa nyie huko mlikuwa mnafundishwa nini miaka mitatu?" Nusu ya pili, ile ya kibaya kujitembeza, ameiacha makusudi uimalizie mwenyewe.

Usimjibu kwa Philip Kotler. Ni mtu mzito, na kitabu chake cha mwaka 1967 ndicho kilichozaa slaidi nyingi ulizokariri usiku wa kuamkia mtihani, lakini hapo kwenye sinia hajulikani. Usimtajie P nne pia. (Wala si za Kotler, alizipanga E. Jerome McCarthy mwaka 1960. Kotler alizitangaza, na ndivyo biashara ilivyo, anayetangaza ndiye anayekumbukwa.) Sema tu, "Biashara matangazo, baba mkubwa." Methali kwa methali, ngoma droo. Halafu wahi nyama.

Methali hizo utazikuta tena kazini, zote mbili mdomoni mwa bosi mmoja. Bajeti ikipangwa, kizuri chajiuza, kwa hiyo fedha za matangazo zipunguzwe. Mauzo yakishuka, biashara matangazo, kwa hiyo uje ofisini ujieleze.

Hatua ya pili, soma cheo chako kwa makini. Afisa Masoko. Afisa Maendeleo ya Biashara. Mshauri wa Wateja. Balozi wa Chapa. Kadiri cheo kinavyonona ndivyo nauli inavyotoka mfukoni mwako. Vyote hivyo, ukivimenya, ni kuuza, tena kwa miguu. Darasani ulifundishwa kuligawa soko, kuchagua wateja, kupanga bei na kujenga jina la bidhaa. Kwenye kampuni kubwa kazi hiyo ina watu wachache wanaokaa kwenye kiyoyozi, na mara nyingi kiyoyozi chenyewe kiko Nairobi au Johannesburg. Kampeni hufika Dar es Salaam ikiwa imeshaiva. Kilichobaki ni kuipakua, na upawa ndio nafasi yako.

Hata upawa huo utaugombania na kila mtu. Wahasibu wanalindwa na bodi yao, NBAA. Wagavi wana PSPTB. Huwezi kuwa wakili bila kupita Shule ya Sheria. Masoko hayana geti. Aliyesoma historia anaitwa afisa masoko, aliyesoma kilimo vilevile, na mtoto wa mwenye kampuni ambaye hakusoma chochote ndiye mkurugenzi wa masoko. Mimi sioni ubaya mkubwa katika hilo. Ubaya ni kusimama umeshika cheti mbele ya mlango ambao hauna hata kitasa, ukisubiri kufunguliwa.

Kabla hujakata tamaa, nenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, ukamtafute muuza dawa ya panya. Utamsikia kabla hujamwona. Sauti imerekodiwa, inazunguka bila kuvuta pumzi: panya, mende, kunguni, viroboto, halafu panya tena. Spika imefungwa kwenye mkokoteni kwa mpira wa tairi la baiskeli. Amepanga pakiti mbele, na juu ya pakiti amelaza panya wawili waliokauka, mikia imenyooshwa upande mmoja. Bei ni buku, na ameiandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi. Yeye mwenyewe hamwiti mtu. Mama mwenye mtoto mgongoni anawaona panya, anasita, anauliza kama dawa haitamdhuru mtoto. Jibu liko tayari, fupi, pamoja na maelekezo ya mahali pa kuiweka. Pakiti anazitoa mfuko wa kulia, fedha zinaingia wa kushoto, na adhuhuri ikifika anajua ameuza ngapi bila kufungua kompyuta. Bidhaa, ushahidi, bei, mahali, tangazo, hesabu. Wewe mambo hayohayo ulifanyia mtihani wa saa tatu. Simama pale ujifunze, lakini jifanye unamsubiri mtu, maana ukikaa sana atadhani ni mgambo.

Sasa tuje kwenye kamisheni, na hapa tukae kidogo.

Kampuni inayokulipa kamisheni pekee haijakuajiri. Imekuazima jina lake ukajaribu bahati, na gharama za kujaribu ni zako: nauli, vocha, soli za viatu, chipsi kavu za mchana. Ndiyo maana haikukuhoji sana. Ikichukua vijana kumi, wanane kati yao wakakimbia, haijapoteza kitu. Ikichukua mia moja ndiyo bora zaidi. Utakumbuka msimu wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, uliowekewa ukomo wa Januari 20, 2020. Miavuli ilijaa kila kona, na chini yake wasomi wetu wakishika vidole vya wananchi kutwa nzima, wakivipangusa kila vikigoma kusomeka.

Mwezi wa kwanza utang'ara. Ukiuza bima, shangazi atakata moja kwa kukuonea huruma. Ukifungulia watu akaunti za benki, wenzako wa hosteli wote watafungua, na watakudai soda. Tageti utaivuka, picha yako itawekwa kwenye kundi la WhatsApp la kitengo, na utaanza kuamini ulizaliwa kwa kazi hii. Mwezi wa pili utawapigia uliosoma nao sekondari. Mwezi wa tatu umeishiwa watu, simu zako hazipokelewi, na meneja anauliza kulikoni. Wengi huachia hapo. Kampuni haiumii: wewe umeondoka, shangazi amebaki, na bima yake inalipiwa kila mwaka.

Basi fanya kinyume. Usianze na ndugu. Anza na watu wasiokujua kabisa, ili kama ni kuichukia kazi, uichukie wiki ya kwanza, ukiwa bado na nauli ya kurudi. Ukiona unaweza kumuuzia mtu ambaye hata salamu hadaiwi na wewe, endelea. Shangazi hakimbii.

Kuna watakaopata ajira yenye mshahara. Hongera zao, ila wafanye hesabu kabla ya kuhama kwa wazazi. Chukulia uko Tanzania Bara na umepewa laki sita. Mfuko wa hifadhi ya jamii unachukua asilimia 10, yaani 60,000. Kwenye 540,000 zinazobaki, kodi ya mapato ni 24,000. Kisha inakuja Bodi ya Mikopo, ile uliyokuwa ukiiombea dua kila bumu likichelewa, inachukua asilimia 15 ya mshahara, 90,000. Unabaki na 426,000 mkononi na cheo cha Meneja Uhusiano. Mwenye nyumba wako ataheshimu hicho cheo kwa kutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Fulana usizitupe. Katika kazi hii zitakujia nyingi, na majina ya kampuni hubadilika kuliko mabosi. Aliyeanza kazi Celtel alivaa Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010. Amefanya kampuni tatu bila kuhama dawati. Waliovaa Tigo walibadilishiwa kuwa Yas mwaka 2024. Kila badiliko maana yake ni kuta za kupaka upya nchi nzima, na hapo ndipo kitengo cha masoko hukumbukwa ghafla kwamba kipo.

Mengine nitayapita haraka. Ajira serikalini: jaza Ajira Portal, thibitisha vyeti kwa wakili, fanya usaili wa mchujo pamoja na umati uliojaza kumbi zote za chuo, kisha ukifaulu na nafasi zikawa zimejaa utahifadhiwa kwenye kanzidata. Mwambie mama kwamba uko serikalini. Si uongo sana. Semina ya fursa, ukialikwa hotelini na mliyesoma naye ambaye ghafla anavaa suti Jumamosi: kula vitafunio, piga makofi, lakini simu yako ya kutumia fedha iache nyumbani.

Mitandao nayo. Utaombwa ushike akaunti ya Instagram ya duka la magauni Sinza, kazi ya saa 24, malipo ni "kadiri tutakavyokua." Utakuta picha nzuri, mwanga mzuri, na chini yake wateja hamsini wameuliza bei, na wote hamsini wamejibiwa "njoo inboksi." Katika P nne za McCarthy, bei ni mojawapo. Dar es Salaam tumeiondoa dukani tukaificha. Sijawahi kukutana na mtu anayefurahia kuijia inboksi, lakini desturi inaota mizizi, na ukiandika bei hadharani mwenye duka atakupigia akidhani akaunti imeingiliwa.

Ukitaka kuijua kazi, omba kupangiwa mkoani, kwenye lori la msambazaji. Wenzako watakuonea huruma, waache waone. Utatoka alfajiri na dereva na mpakuaji, utasimama kwenye duka baada ya duka, na ndani ya muda mfupi utayaona mambo ambayo kile kiyoyozi cha Nairobi kinayanunua kwa fedha nyingi. Kwamba mafuta ya kula huku hayauzwi kwa lita, yanauzwa kwa koroboi. Kwamba sukari ni robo, sabuni ya unga ni pakiti ya jero, na mwenye mia tano mkononi hana habari na ofa yako ya "nunua katoni mbili upate ya tatu." Kwamba kati ya tarehe 20 na mwisho wa mwezi duka linauza kwa mkopo, kwa hiyo ukimletea mzigo mkubwa siku hizo unamletea ugomvi. Kwamba anayeamua bidhaa ipi ikae mbele si mwenye duka ambaye jina lake liko kwenye leseni, ni mke wake aliyekaa kaunta, na hajawahi kupewa kalenda hata moja.

Kwenye ukuta wa duka hilo pameandikwa "Kukopa harusi, kulipa matanga," na chini yake "Mali bila daftari hupotea bila habari." Ya pili itii hivyo ilivyo. Nunua daftari la kaunta, lile gumu. Andika kila duka: nani anauza, nani anaamua, analipa siku gani, kipi kimelala kwenye rafu na kwa nini. Usitumie maneno ya darasani. Andika "anasema harufu kali, wateja wa msikitini hawaitaki," na tarehe.

Ukiwa na daftari hilo, rudi mjini kwenye usaili. Wakikutaka uandae mpango mzima wa masoko wa kurasa 20 kama zoezi la usaili, waandalie ukurasa mmoja. Zile 19 ni kazi, na kazi inalipwa. Wakisema, "Niuzie hii kalamu," uliza bei ya jumla ni kiasi gani na kama mnunuzi analipa taslimu au baada ya siku 60. Mmoja wao ataacha kuangalia simu. Hapo ndipo utoe daftari, ufungue ukurasa wowote, usome duka moja tu, polepole.

Wataomba uliache mezani ili "timu ilipitie." Lirudishe kwenye begi. Sema kwa adabu, "Nitakuja nalo siku ya kusaini mkataba, bosi," na uulize kama huo mkataba una mshahara.