Tano, nne, tatu, mbili, Hyslop!

Mwanariadha wa mtaa wa Kimumu, Eldoret, akipanda barabara ya Iten alfajiri ana ndoto moja: asimame kwenye jukwaa la washindi, mikono ubavuni, wimbo wa taifa la Kenya upigwe. Mwulize wimbo wenyewe ulitungwa na nani. Hapo ndipo ataongeza kasi! Ngojea basi nikutajie mmoja wa watunzi wake, Graham Hyslop, Mwingereza aliyekuwa afisa wa muziki na maigizo wa serikali ya kikoloni. Tunahesabu sababu tano za kumkumbuka, tukishuka.

5. Alitunga tamthilia kwa Kiswahili. Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu zilitoka 1957. Wakoloni wengi Kiswahili chao kilikuwa cha kuagiza chai. Chake kilipanda jukwaani.

4. Alijali ala zetu. Mwaka 1975 kikatoka kitabu chake kuhusu ala za muziki za Kenya. Afisa mwingine angestaafu na mafaili tu.

3. Alijua kuketi na wenzake. Kamati ya wimbo wa taifa, 1963, ilikuwa ya watu watano: George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na yeye. Watano hao walikuwa wanamuziki, na kila mwanamuziki ana sikio lake. Umewahi kuona kamati ya harusi ikikubaliana hata kuhusu rangi ya vitambaa? Hawa walikubaliana kuhusu taifa zima.

2. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Afisa wa kikoloni kama yeye angeweza kutuletea tarumbeta za London tukapiga saluti. Lakini kamati ilichukua wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto, uliotoka kwa Mzee Meza Morowa Galana wa huko Mto Tana. Sauti ya kumlaza mtoto ndiyo inayoinua bendera! Na Mzee Galana, kwangu mimi, anastahili heshima kuliko wanakamati wote.

1. Olimpiki ya Mexico, 1968. Mkenya Kipchoge Keino anashinda mita 1500, dhahabu shingoni, na wimbo ule Hyslop aliosaidia kuutunga unapigwa mbele ya dunia. Wimbo ulikuwa bado haujatimiza miaka mitano tangu usiku wa uhuru.

Sasa nyinyi walimu wa Kimumu, mnawakaririsha watoto beti zote tatu, vizuri sana. Ongezeni majina: watano wa kamati, na wa sita Mzee Galana. Tena anzeni na yeye.