Kabureta ya Baba Mkwe

Injini ya kisasa ikiugua, fundi huja na mashine ndogo, huichomeka chini ya usukani, husoma namba, kisha hukutajia bei. Nani abishane na namba? Kabureta haina mambo hayo. Imekaa wazi juu ya injini, skrubu zake zinaonekana, na mwanamume yeyote wa Dar es Salaam akiona skrubu ya kabureta huhisi ameitwa. Mlinzi wa usiku, mwalimu wa madrasa, muuza mihogo: wote waliwahi kufanya kazi gereji, au wana mjomba aliyewahi.

Sisi tuliingia kwenye mkumbo huo baba mkwe alipotuachia pikapu yake, Datsun 1200 iliyobeba viazi na kabichi za Lushoto tangu miaka ya sabini. Injini yake ni A12, cc 1,171, na juu yake kuna kabureta ya Hitachi yenye makoo mawili: moja hufunguka ukikanyaga kidogo, la pili husubiri ukanyage kwa dhati. Kule milimani ilipanda na kushuka bila neno. Ilipofika Dar ikaanza kukohoa. Sailensi haikai. Ukikanyaga mafuta inasita, inapiga chafya kwa juu, halafu ndiyo inaondoka, tena kwa kuruka. Mataa ya Buguruni nilikuwa naondoka wa mwisho, nikisindikizwa na honi.

Kabureta yenyewe haina maajabu. Hewa inapita kwenye koo lililobanwa katikati; ikibanwa inakimbia, ikikimbia msukumo wake unapungua, na petroli inavutwa kutoka kwenye bakuli kupitia tundu la jeti. Bakuli lina boya, sawa na lile la tangi la choo, linalopanda na kufunga sindano mafuta yakitosha. Gramu moja ya petroli inataka karibu gramu 15 za hewa. Basi. Magari yalitembea hivyo karibu karne nzima, mengine hadi kuchukua vikombe.

Gereji bubu ya mtaani kwetu iko chini ya mwembe, imepakana na mama ntilie, na huyo mama ntilie mumshike akilini kwa sababu ana kuku. Fundi ni mzee wa miwani iliyofungwa uzi, mtu wa maneno machache. Aliishika shafti ya kabureta kwa vidole viwili, akaichezesha, akasema, "Imelika. Inavuta hewa ya wizi." Kijana wake akasema hapana, boya limetoboka. Dereva wa bajaji aliyekuja kujaza upepo akasema filta. Muuza mihogo, ambaye hakuulizwa, akasema gari limezoea milimani, Dar imelishinda. Tulimcheka mpaka akabeba beseni lake akaondoka.

Akaja shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye huendesha gari la ofisi lakini moyo wake uko kwenye mbio za magari. "Shemeji, weka Weber," akasema. "Ile 32/36. Utanishukuru." Hizo namba ni vipenyo vya makoo yake kwa milimita, na kabureta hiyo ilikaa kwenye Ford za lita 2. Nilipomwambia injini yetu ni ndogo, akanikumbusha kwamba Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara tano, zote kwa Datsun. Nikamuuliza kama Mehta alikuwa amepakia kabichi. Hakupenda.

Nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya vipuri. Ukitaja neno kabureta pale unapata marafiki wengi kwa mpigo. Mmoja alinitolea mpya, ndani ya boksi lenye picha ya gari lisilofanana na langu hata kidogo. "Hii orijino," akasema. Orijino ya wapi? "Orijino ya China, bosi. Feki yake ninayo pia, lakini wewe siwezi kukuuzia hiyo." Hoja ya namna hiyo haina jibu, nikalipa. Kufika gereji, matundu ya boliti yalilingana yote, sura ilikuwa ile ile, ila mkono wa kuvutia waya wa mafuta ulikuwa upande wa pili. Ili gari liongeze mwendo ingebidi mtu apande juu ya injini avute kwa mkono. Kijana wa fundi alijitolea. Kurudisha dukani haikuwezekana. Ukutani palikuwa na karatasi ya mali ikiuzwa hairudishwi, imeandikwa kwa wino mwekundu na mtu aliyekwisha kupata taabu. Ile ya mtumba aliyoniletea dalali sitaisimulia. Ndani ilikuwa na nyumba ya nyigu, na nyigu walikuwa nyumbani.

Mzee akaamua tufungue ile ile ya zamani.

Alitandika gazeti, juu yake sinia la bati, akaanza. Kifuniko kikatoka, gasketi iliyokauka ikavunjikavunjika. Boya akalitikisa sikioni asikie kama lina mafuta ndani. Halikuwa na kitu. Kijana akatazama pembeni. Kisha zikatoka jeti mbili za shaba, kila moja ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Jeti huchorwa namba, na namba ndiyo kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita: 100 ni milimita 1. Mzee akainua miwani, akasoma, akasema, "Namba sawa. Jeti hazina kesi." Kijana akataka kuzibua matundu kwa waya wa breki ya baiskeli. Mzee akampiga mkono. Shaba ni laini. Ukikwaruza tundu la milimita 1 likawa 1.1, umeongeza njia ya mafuta kwa asilimia 21, na mwenye gari atakwenda kulilia kituo cha mafuta. Akachomoa chelewa kwenye ufagio wa mama ntilie, akaipitisha taratibu. Ikabana kidogo. "Uchafu," akasema, akaendelea na kazi.

Alipoigeuza kabureta chini juu, kikadondoka kigololi. Ni kidogo sana, lakini ndicho kinachozuia mafuta yasirudi nyuma kwenye kipampu kinachorusha petroli unapokanyaga ghafla. Bila hicho gari litasita mpaka kiama. Kiligonga ukingo wa sinia, kikaruka, kikapotea. Kuku wa mama ntilie walikuwa karibu, watatu, wote wekundu, wote wanadonoa, na mmoja akanyoosha shingo kwa namna ya mtu aliyemeza kidonge bila maji.

"Ni huyo!" akapiga kelele kijana.

"Kuku wangu hachinjwi kwa ajili ya Datsun," akasema mama ntilie, mwiko mkononi.

Baadaye ikaonekana anachinjika, ila kwa bei, na bei yenyewe ilizidi ya seti nzima ya gasketi na sindano. Nikambeba kuku nyumbani, miguu imefungwa kamba. Siku hiyo baba mkwe alikuwa ameshuka kutoka Lushoto kutusalimia, na mke wangu alipomwona kuku akanong'ona kwamba kumbe na mimi nina adabu. Sikutaja kigololi. Nilijipa kazi ya kupasua firigisi mwenyewe, jambo lililomtia shaka, maana jikoni huwa sionekani. Ndani mlikuwa na mahindi, changarawe na kipande cha shanga ya buluu. Simu ikalia. "Bosi," akasema fundi, "kimepatikana. Kilikuwa kwenye mkunjo wa gazeti." Kuku hakuwa na hatia, na maji yalikuwa yanachemka.

Firigisi ikaenda kwa mwenyewe, kwenye sahani ya baba mkwe. Katikati ya ugali akaniuliza gari linaendeleaje. Nikamwambia linakohoa, baba, mafundi wanahangaika. Akatafuna firigisi mpaka mwisho, bila haraka.

"Jeti mmezitazama?"

"Tumezitazama, baba. Namba zake ziko sawa."

Alicheka hadi mke wangu akamletea maji. "Namba iko sawa," akasema alipopata pumzi. "Tundu siyo."

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, petroli ilipoadimika na magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili alasiri, mzee aliziziba jeti zake kwa risasi ya kulehemu, akazipeleka kwa fundi saa azitoboe upya, tundu jembamba. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kule ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo hewa kidogo na mafuta kidogo vikapatana, na gari halikulalamika miaka yote hiyo. Ukilishusha Dar, hewa nzito inaingia, mafuta ni yale yale ya mgawo, injini inashinda njaa. Muuza mihogo alikuwa ameukaribia ukweli kuliko baraza zima, na sina mpango wa kumwambia.

"Basi kesho tuiyeyushe ile risasi, baba," nikasema. "Ni kazi ya dakika chache."

Mzee akaweka mfupa chini. "Petroli lita moja siku hizi shilingi ngapi?"

Ilikuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo EWURA hutangaza bei kikomo, na shemeji, ambaye hajawahi kulipia mafuta kwa pesa yake, akaitaja hadi shilingi ya mwisho. Baba mkwe akanyamaza, midomo ikihesabu.

"Iacheni," akasema.

Kwa baba mkwe hakuna rufaa. Naendesha hivyo hivyo, choki nimeivuta nusu kupunguza hewa, na gari linakwenda vizuri tu. Shida ni kwamba kishikio cha choki kimetokeza kwenye dashibodi na kioo cha mlango wangu hakipandi. Nikisimama kwenye mataa hakosekani bodaboda wa kuchungulia: "Mzee, umesahau choki." Namshukuru, nanyamaza. Juzi mmoja hakusubiri shukrani. Akaingiza mkono, akairudisha mwenyewe, na taa ikawaka kijani.