Kasha Jipya, Bibie Mkaidi

Hongera, ndugu, kwa kasha la kioo na taa za rangi. Sasa mwingize bibie: mazabodi ya Dell OptiPlex 9020. Intel ilitoa vipimo vya ATX mwaka 1995 ili mazabodi na makasha yaelewane. Bibie ana mila za kwao. Pawasaplai yako ina plagi ya pini 24, yeye anataka ya pini 8. Nunua adapta. Waya za kitufe cha kuwashia nazo hazina pa kuchomeka. Adapta nyingine! Na akishawaka, atalalamika kwamba haoni feni ya kasha la zamani, wala haendelei mpaka umbembeleze kwa F1. Kila asubuhi. Lile kasha la zamani, tafadhali, usiligawe bado.