Jinsi ya Kuihoji Mbabula Iliyokataa Kuwaka

Vifaa vinavyohitajika: mbabula moja iliyokataa kuwaka, watoto sita walioitengeneza kwa mikono yao, na mwalimu anayeweza kufunga mdomo.

Viwili vya kwanza Mokambo havisumbui. Hapa ni mpakani, upande wa Kongo. Ukivuka kizuizi umeshika njia ya Mufulira, upande wa Zambia, na malori yanapanga foleni yakisubiri karatasi. Mikebe mitupu na vipande vya bati vimejaa, makala yanaletwa kwa baiskeli kutoka porini, na nyumba isiyo na mbabula, lile jiko la bati la kuchomea makala, utaitafuta sana. Kifaa cha tatu ndicho adimu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake.

Tuseme darasa la sita limepewa kazi ya vikundi: kila kikundi kitengeneze mbabula, kisha kichemshe lita moja ya maji kwa mkebe mmoja wa makala, uwanjani, kamwe si ndani ya darasa, maana moto wa makala kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na hewa hiyo huua. Kikundi kimoja kimechemsha. Kingine kimefukiza moshi hadi direkta akatoka ofisini. Imebaki nusu saa, na mwalimu anataka watoto waitazame kazi yao upya. Hapo ndipo anapouliza lile swali ambalo walimu wengi wamelirithi: "Mmejifunza nini?"

Darasa zima linajibu kwa sauti moja: "Tumejifunza mengi, Mwalimu!" Watoto wananakili sentensi tatu za Kifaransa kutoka ubaoni, kengele inalia, na mbabula ya moshi inatupwa nyuma ya choo. Somo lote la siku ile lilikuwa ndani ya mbabula hiyo.

Kwa hiyo piga marufuku swali hilo kwa nusu saa nzima. Weka mbabula mezani kama shahidi na uihoji yenyewe. Matundu haya ya chini, nani alitaka yawe kumi na nani alitaka ishirini? Mlikata mlango kabla ya kukunja bati au baada? Moshi ulianza kutokea wapi? Mtoto akiulizwa amejifunza nini, anatafuta jibu litakalomfurahisha mkubwa. Akiulizwa tundu hili alilitoboa nani, anakumbuka msumari, jiwe, na ugomvi wa pale pale. Ugomvi ukirudi mezani, mmoja akasema "mimi nilikwambia", usiwanyamazishe. Hiyo ndiyo sauti uliyokuwa ukiitafuta tangu asubuhi.

Sasa funga mdomo. Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Mwalimu na mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda nyingi za masomo ya sayansi, na katika miaka ya 1970 akaeleza alichokisikia: walimu wengi walikuwa wakingoja kama sekunde moja tu kabla ya kumrukia mtoto mwingine au kujibu wenyewe. Walipojizuia hadi sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto walianza kuulizana, na wale walioaminika kuwa wazito nao wakasema. Sekunde tatu mbele ya watoto sitini ni ndefu kuliko foleni ya mpakani. Tafuta kazi ya kufanya: pangusa ubao, kung'uta chaki, tazama lori likipita. Lolote, ila usijibu.

Katika ukimya huo ndipo litakapokuja jambo usilolitarajia. Msichana wa nyuma atasema: "Mwalimu, ni makala njo mubaya, iko na mayi." Mwalimu mwenye haraka atasikia kisingizio. Wewe sikia dai, tena dai linaloweza kupimwa. Makala yenye unyevu, au yale ambayo hayakuiva vizuri katika tanuri la udongo, kweli hutoa moshi. Matundu machache nayo huinyima mbabula hewa kutoka chini. Ni lipi kati ya hayo mawili? Viambie vikundi vibadilishane makala, na kila mbabula ibaki kwa wenyewe. Moshi ukihamia upande wa pili, msichana ameshinda. Ukibaki palepale, matundu yana kesi. Huhitaji maabara, unahitaji saa ya simu na mikebe miwili iliyo sawa.

Jambo la lugha sitalizungukia. Watoto wa Mokambo wamekunja bati wakiongea Kiswahili cha Katanga, Kibemba na Kilamba. Wamebishana, wamecheka na kuungua vidole katika lugha hizo. Tukiwataka watafakari kwa Kifaransa papo hapo, tunawataka waache fikra zao mlangoni. Yule aliyekuwa na mengi ya kusema anasema "C'était bien" na kuketi. Kifaransa kinahitajika, Examen d'État, mtihani wa mwisho wa sekondari, inakingoja mbele, na hakuna mzazi anayetaka mwanawe akikose. Lakini kije baadaye. Kwanza waongee walivyofanya kazi, hadi kila mmoja ajue anachotaka kusema, ndipo mtafute pamoja sentensi za Kifaransa za kukibeba. Mtoto mwenye jambo la kueleza hutafuta maneno kwa bidii kuliko aliyepewa maneno bila jambo.

Utaniambia watoto ni wengi. Najua. Tangu shule za msingi za serikali zilipotangazwa kuwa za bure, Septemba 2019, madawati yamefurika kote nchini. Basi usivihoji vikundi vyote. Chagua viwili, na kimoja lazima kiwe kile kilichoshindwa. Wengine wazungumze wawili wawili, kila mmoja amweleze jirani yake kitu kimoja ambacho angekifanya tofauti kesho. Darasa zima liwe na daftari moja la kuchora: mbabula ya kwanza ukurasa wa kushoto, ya pili kulia. Asiyeweza kuandika aya anaweza kuonyesha kwa mshale mahali alipohamisha tundu, na mshale huo una fikra ndani yake.

Alama zako zifungie sandukuni. Ukitoa alama kumi kwa atakayekiri kosa, juma lijalo utapewa makosa ya kupangwa, yaliyosafishwa, yote yakiishia na "lakini tukarekebisha". Wala kazi isipelekwe nyumbani. Kenya, ambako mtaala wa umilisi ulianza kuingizwa mwaka 2017, wazazi wengi wamelalamika kwamba kazi za mikono za watoto zinawaangukia wao usiku. Mtoto aliyetengenezewa kitu na baba yake hana la kutafakari, kwa sababu uamuzi wote ulikuwa wa baba. Kwa hiyo kazi ianzie na kuishia uwanjani pa shule, hata mbabula ikitoka imepinda. Ikipinda, afadhali: kuna la kuzungumza.

Kisha wape nafasi ya pili. Nalisisitiza hili kuliko yote yaliyotangulia. Kutafakari bila kurudia kazi ni matanga: tunakaa, tunasikitika, tunatawanyika. Juma la pili watengeneze mbabula nyingine, kwa mkebe uleule wa makala na lita ileile ya maji, na watangaze mapema wanabadilisha nini na wanatarajia nini. Majiko mazuri yamezaliwa hivyo. Jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, lilichukua wazo kutoka majiko ya Thailand, na likabadilishwa na mafundi na watumiaji hadi likapata kiuno chembamba na tumbo la udongo upande wa juu. John Dewey alikwisha kuandika mwaka 1910, katika kitabu chake *How We Think*, kwamba fikra huanzia penye mkanganyiko, pale mambo yanapogoma kwenda kama tulivyodhani. Mbabula ya moshi ni mkanganyiko tosha, na haikugharimu falanga hata moja.

Siku ya mwisho usimwite mkaguzi. Mwite mama anayekaanga vitumbua kando ya barabara, yule ambaye mbabula ndiyo riziki yake. Mpe kiti mbele. Atainua mbabula aone uzito, atatikisa miguu yake, atauliza kama sufuria yenye mafuta ya moto itasimama imara, na makala ya asubuhi yatamfikisha saa ngapi. Watoto wamjibu wenyewe, kwa lugha yake, wakiwa na daftari mkononi. Wakianza kukutazama wewe, geuza macho dirishani. Na mama akisema hainunui, mwombe aeleze sababu polepole, mtoto mmoja akiandika, kisha uliza darasa linataka kuanza ya tatu lini.