Mjusi, Mkwe na Mimi

Nina kilo 98. Nimewahi kumkamata mwizi wa baiskeli kwa mikono yangu miwili, nikamkalia mpaka mwenye mali akafika. Lakini akinitokea mjusi kafiri, hunikuti. Simsemi kenge wala mamba. Namsema huyuhuyu mdogo wa nyuma ya saa ya ukutani, mweupe kama unga ulioloa, anayetoka magharibi taa ikiwashwa kuwinda kumbikumbi.

Kwa miaka mingi aibu hii niliificha ndani ya dini na methali. Sisi watu wa pwani tumekua tukisimuliwa kwamba mjusi ndiye aliyeupuliza moto wa Nabii Ibrahimu, kwa hiyo nikimkimbia nasingizia kuwa nimemchukia. Tena wazee walishasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Nami ubawa wangu naupenda.

Siri ilifichuka mama mkwe alipotoka Pangani kuja kututembelea Tanga. Jioni moja alikuwa uani, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Bafu letu liko hukohuko uani, na mlango wake wa bati wakati huo ulishikiliwa na bawaba moja na waya. Mimi nilikuwa ndani, povu mpaka machoni. Mara kitu baridi, laini, kikanitua begani: pwata! Sikuhitaji kufumbua macho. Alipoanza kuteremka mgongoni, nilipiga ukelele ambao majirani walidhani ni wa mke wangu, kisha nikatoka. Mlango nilitoka nao. Nashukuru nilitoka nao, maana ndio ulionisitiri.

"Yarabi toba!" akasema mama mkwe, kanga usoni, nazi yote mchangani. Alikuwa amekuja kwa wiki moja. Aliondoka kesho yake kwa basi la asubuhi, akidai kuku wake hawana wa kuwalisha. Methali husema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Kwangu kicheko hakikwenda, kilihamia na virago vyake.

Nikaanza kutafuta dawa. Jirani mmoja aliniambia nitundike maganda ya mayai, mjusi huyakimbia. Nilitundika kumi na mawili. Wakaja sisimizi, na mjusi akawa anakaa juu ya ganda kama mwenye kiti chake. Shemeji yangu, mtu wa jazba, akaja na falsafa ya dawa ya moto ni moto: alinifungia stoo pamoja na mjusi aliyemtia ndani ya kopo la mafuta. Nilitokea dirishani. Wavu wa dirisha lile haujarudishwa hadi leo, na mwezi mzima baadaye nililala ndani ya chandarua hata mchana. Kama una shemeji wa aina hii, mshukuru kwa nia yake njema na usimkabidhi ufunguo.

Aliyenisaidia ni mpwa wangu, anayesomea saikolojia chuoni, alipokuja likizo.

"Mjomba," akaniambia, "woga wako unaulipa mshahara."

Akanifafanulia. Kila nikikimbia, moyo unatulia, na ubongo unaandika daftarini kwamba tumepona kwa sababu tumekimbia. Kesho yake unaniamrisha nikimbie mapema zaidi. Sijawahi kubaki mahali kwa muda wa kutosha ubongo ukajionea kwamba mjusi hana sumu wala shida na mimi, na kwamba hata pale bafuni aliteleza tu, naye pengine alihofu kuliko mimi. (Hili la mwisho nililipinga. Yeye hakutoka na mlango.)

Akanisimulia habari za Mary Cover Jones, Mmarekani ambaye mwaka 1924 aliandika kisa cha Peter, mtoto wa karibu miaka mitatu aliyeogopa sungura. Mtoto alikalishwa akila chakula anachokipenda, sungura akaletwa ndani ya kizimba kwa mbali, mbali kiasi cha kutomkatiza mlo. Siku kwa siku akasogezwa, hadi Peter akawa anamshika mwenyewe. Baadaye Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, alifanya jambo la kufanana na hilo kwa paka waliotiwa hofu maabara, akiwalisha kwanza katika vyumba visivyofanana na kile kilichowatisha, kisha akiwasogeza taratibu. Kitabu chake cha mwaka 1958 kikaipeleka njia hiyo kwa binadamu. Kwa hiyo tiba yangu ukoo wake ni sungura na paka, na sikuona vibaya.

Mpwa wangu akachora ngazi kwenye daftari, kila kidato kikiwa na namba ya hofu kutoka sifuri hadi 100. Kusoma neno "mjusi": 10. Mchoro wa binti yangu: 20. Picha kwenye simu: 45. Mjusi wa plastiki: 55. Kukaa mita nne kutoka kwa wa kweli: 75. Sharti lilikuwa moja: usishuke kidato hofu ikiwa juu. Kaa hapohapo, iache ipande, nawe utaona inachoka yenyewe. Ikifika karibu nusu, ondoka, na kesho urudie.

Mchoro haukunisumbua, maana binti yangu alimchora mjusi mwenye masikio. Matatizo yalianza kwenye simu. Picha niliitazama vizuri kwa dakika ishirini, 45 ikawa 20, nikajipongeza. Nisichojua ni kwamba mtoto alikuwa ameiweka iwe inatokea mke wangu akipiga. Alipopiga, nilikuwa sokoni. Simu ilitua kwenye beseni la dagaa, na kioo kipya kimenigharimu shilingi 45,000.

Chakula nilichopewa badala ya kile cha Peter kilikuwa halua. Inasaidia kweli, ila usizidishe: niliongezeka kilo tatu, na siku ya nne halua yenyewe ilianza kunitazama.

Nikafundishwa na pumzi pia. Vuta kwa hesabu ya nne, toa polepole kwa hesabu ya sita. Ilinifaa mno hata nikajiona tabibu. Jirani yangu fundi cherehani, aliyeshika sindano tangu utotoni, huzimia akiiona ya hospitali. Nikamsindikiza kuchanjwa, nikamwambia legeza mwili, vuta pumzi, tulia. Alitulia kweli. Alianguka kama gunia la mkaa.

Mpwa wangu nusura alie. Kumbe hofu ya damu na sindano ina mkondo wake: kwa wengi shinikizo la damu hupanda kidogo kisha huporomoka, ndiyo maana huzimia. Mtu huyo halegezwi, anakazwa. Katika miaka ya 1980 Msweden Lars-Göran Öst na wenzake walifundisha wagonjwa kukaza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, waache nusu dakika, kisha warudie mara tano. Fundi sasa anachanjwa ameketi, amekaza ngumi kama anayegombania urithi, na haanguki. Nimemwomba radhi, naye amenishonea kanzu kwa bei ileile ya zamani.

Kama hofu yako inakuzuia kazi, safari au matibabu, mtafute mtaalamu wa afya ya akili. Mimi ya kwangu ilikuwa inanizuia kuoga, tukaona itatibika nyumbani.

Wiki ya sita nilifika kidato cha mita nne. Usiku huo mlango wa sebule ulimbana mjusi mkia, mkia ukakatika, ukaanza kucheza ngoma peke yake sakafuni. Mwenyewe alishakwenda zake. Mkia huachwa umshughulishe adui, na adui nilikuwa mimi. Sikukimbia. Nilipanda juu ya kiti, nikahesabu pumzi mpaka ukatulia. Mpwa wangu ameamua kwamba kiti bado ni ndani ya chumba, kwa hiyo inahesabika nimebaki.

Sasa kwenye kidato hicho hofu yangu iko 30. Yule wa nyuma ya saa ameshaota mkia mpya, mfupi. Mama mkwe ametuma salamu kwamba Idi atakuja, na mlango wa bafu nimeutia bawaba nne.